Sahani ya Mgonjwa Katika Kwaresima



Miaka michache iliyopita, Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, tulikuwa katika Njia ya Msalaba ya nje, ile inayozunguka kiwanja cha parokia na kupanda mpaka kwenye groto ya Mama Bikira Maria. Ilikuwa saa 10 jioni na jua lilikuwa bado kali. Tulipotoka kituo cha 6 kuelekea cha 7, mama mmoja wa jumuiya yetu alianza kuyumba kama mtu aliyelewa. Jasho lilimtoka jingi, mikono ikatetemeka, na alipoulizwa kitu akajibu maneno yasiyoeleweka. Kisha akaketi chini katikati ya njia. Watu wakamzunguka. Mmoja akasema ana pepo, aombewe. Mwingine akasema hapana, ameguswa na mateso ya Bwana, aachwe alie. Wimbo ukaanzishwa.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa pamoja na wazee wenzangu. Nimefanya kazi ya uuguzi katika zahanati za misheni kwa zaidi ya miaka 30, na mama huyo nilimfahamu kuwa ni mgonjwa wa sukari. Mpaka nipenye kwenye msongamano ule, dakika kadhaa zilikwisha kupita. Bahati njema alikuwa bado anaweza kumeza. Kijana mmoja alikimbia dukani akaleta soda, tukamnywesha taratibu. Baada ya robo saa hivi alifumbua macho vizuri akatuuliza kwa nini tumemsimamia. Tulimpeleka hospitali, akalala huko usiku mmoja.

Kesho yake nilipokwenda kumtazama, nilimwuliza ilikuwaje. Akasema asubuhi alimeza vidonge vyake vya sukari kama kawaida, ila hakula kitu tangu chakula cha usiku wa Alhamisi. "Sasa Mama Muuguzi," akaniambia, "ningekulaje peke yangu, na mume wangu amefunga, watoto wamefunga, na mkwe wangu yupo nyumbani ananitazama? Ningeonekana Mkristo wa namna gani?"

Kwa miaka mingi, sisi wa idara ya afya tulidhani kwamba wagonjwa hufunga kwa sababu hawajui hatari. Basi kila Kwaresima tuliwafundisha hatari. Lakini mama huyu alijua. Alikwisha kufundishwa kliniki mara nyingi, tena nami mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliomfundisha. Alichokosa ni mtu wa nyumbani mwake wa kumwambia, "Mama, chakula chako hiki hapa, kula." Aliona aibu. Nami nasema wazi kwamba katika familia zetu na katika jumuiya zetu, aibu hiyo tunaitengeneza sisi wazima.

Kwanza tuangalie Kanisa linadai nini, kwa maana wengi wetu tunabeba mzigo ambao Kanisa halikututwika. Papa Paulo wa 6 alitengeneza upya taratibu za kufunga kwa hati yake ya tarehe 17 Februari 1966, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zikafuata mkondo huo huo. Siku za kufunga chakula zinazowabana Wakatoliki wa Kanisa la Kilatini duniani kote ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo mbili, pamoja na Ijumaa nyingine, ni siku za kuacha nyama, au kufanya kitubio kingine kama Baraza la Maaskofu la nchi lilivyopanga. Kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga chakula kunamhusu aliyetimiza miaka 18, mpaka anapoanza mwaka wake wa 60, yaani siku anapotimiza miaka 59. Bibi wa miaka 70 anayejitesa kwa njaa Ijumaa Kuu, na mtoto wa darasa la nne anayenyimwa uji asubuhi ile, wote wawili hawamo katika sheria hiyo. Kwa mtoto, sheria inachowataka wazazi na wachungaji ni kumlea aielewe maana ya toba. Kumlea si kumshindisha na njaa darasani.

Na huko kufunga kwenyewe maana yake nini? Ni kula mlo kamili mmoja kwa siku. Papa Paulo aliandika kwamba si marufuku kula kidogo asubuhi na jioni. Maji hayavunji mfungo huo. Dawa haivunji mfungo huo. Hakuna mahali katika sheria hizo panapomwagiza mtu ashinde tangu alfajiri mpaka jua kuchwa bila tone la maji. Desturi ya mfungo mkavu tumeipokea hapa na pale, nyingine kutoka vikundi vya sala, nyingine kwa kuwatazama jirani zetu Waislamu katika Ramadhani. Siwalaumu jirani; wao nao katika dini yao mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Katika miaka ya 2023, 2024 na 2025 sehemu ya Ramadhani iliangukia ndani ya Kwaresima yetu, na katika mitaa yetu nilisikia Wakristo wakishindana, kila mmoja akitaka kuonyesha kwamba na sisi tunaweza. Kristo alituambia nini kuhusu kufunga ili tuonekane? Someni Mathayo sura ya 6, ile ile inayosomwa Jumatano ya Majivu tukiwa tumepanga foleni ya majivu.

Aliye mgonjwa, sheria haimdai chakula chake. Na kama ana wasiwasi wa dhamiri, kanuni ya 1245 inampa paroko mamlaka ya kumwondolea mwamini wajibu wa siku ya toba kwa sababu ya haki, au kuubadilisha kwa tendo jingine la ibada. Ni mazungumzo ya dakika mbili mlangoni mwa sakristia. Katika miaka yote nimekutana na wagonjwa wachache sana waliowahi kuyafanya. Wengi huona heri kuzimia.

Ugonjwa wa sukari nitauzungumza kwa kirefu, maana ndio ninaouona ukileta matata zaidi kila Kwaresima. Mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, anameza kitu ambacho kazi yake ni kushusha sukari katika damu. Dawa haijui kwamba leo ni Ijumaa. Mtu akimeza asile, sukari inashuka kupita kiasi. Dalili huanza kwa njaa kali ya ghafla, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Halafu kichwa kinachanganyikiwa, mtu anasema ovyo, anagomba bila sababu, anayumba. Mwisho anazimia, na akichelewa hufa au ubongo wake hupata madhara. Ukimwona mtu wa namna hiyo naye anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji kidogo, au soda ya kawaida yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu apewe chakula, ugali, viazi, mkate, chochote kilichopo. Kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amepona, kwa maana vidonge vya aina hiyo hukaa mwilini kwa muda mrefu, na sukari yaweza kushuka tena usiku wakati nyumba nzima imelala. Ikiwa amekwisha kuzimia, usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Wako wengine ambao, ili wafunge kwa amani, huacha dawa pia. Hao sukari hupanda badala ya kushuka, polepole, kwa siku kadhaa. Kiu, kukojoa sana, kutapika, kupumua kwa nguvu. Kwa mgonjwa wa insulini hilo nalo huua. Kwa hiyo kuacha chakula na kumeza dawa ni hatari, na kuacha vyote viwili ni hatari. Yupo mgonjwa ambaye daktari aweza kumruhusu kupunguza chakula kwa siku moja akibadilisha kipimo au saa ya dawa, kwa kuwa si dawa zote zilizo sawa. Lakini hilo ni la kuulizwa kliniki kabla ya Jumatano ya Majivu. Lisiamuliwe na mgonjwa kitandani alfajiri.

Wenye sikoseli, ambao wengi wao ni watoto na vijana wetu, adui yao ni kukauka maji mwilini, uchovu mkubwa na baridi. Kijana wa sikoseli aliyeshinda bila maji halafu akasimama juani Ijumaa Kuu saa 9 alasiri, akibeba msalaba kwa zamu, yuko njiani kwenda kwenye maumivu ya mifupa yatakayomlaza wodini siku ya Pasaka. Abebe chupa ya maji na anywe mbele ya watu wote. Mwenye kifafa naye ana mambo mawili ya kuangalia: asiruke dawa hata mara moja, na asikose usingizi, kwani kukesha kwaweza kumletea kifafa. Mkesha wa Pasaka ni mama wa mikesha yote, naupenda kuliko ibada yoyote ya mwaka, lakini mwenye kifafa na alale mchana wa Jumamosi Kuu, ameze dawa yake kwa saa yake, na kama ibada inakwenda mpaka usiku wa manane, aje Misa ya Jumapili asubuhi bila kujihesabu mwenye dhambi.

Wanaotumia dawa za kifua kikuu na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, neno langu kwenu ni fupi: usikose hata dozi moja. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida hunywewa miezi 6, na aliyezikatiza hujiletea ugonjwa uliokwisha kuzoea dawa, kisha huwaambukiza ugonjwa huo huo wa kichwa ngumu walio nyumbani mwake. Dawa za kufubaza virusi ni za maisha yote. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akishuhudia katika kikundi cha sala kwamba ameweka dawa zake "madhabahuni" kwa siku 40. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anafundisha kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mkono wa Mungu na kwamba mwenye busara hazidharau. Ni kitabu ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, na ingefaa kisomwe katika vikundi hivyo.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wanakula kwa ajili ya watu wawili, na yule wa pili hajabatizwa bado wala hana habari ya Kwaresima. Waache nyama siku ya Ijumaa wakipenda, kama maharage, mayai au dagaa vipo. Lakini kushinda njaa na kiu si kazi yao.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalitegemei. Waume zetu wengi huacha pombe Jumatano ya Majivu, nami nawapongeza. Ningekuwa na uwezo ningewaomba waendelee mpaka Majilio. Lakini aliyekuwa akinywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, katika siku 2 au 3 za mwanzo aweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupatwa na degedege. Si pepo wa pombe anayetoka. Ni mwili uliozoea. Apelekwe hospitali apewe dawa za kumtuliza, kisha aendelee na nia yake njema. Na wale wanaolipiza siku 40 zote kwa Jumatatu moja ya Pasaka, nyama choma na kreti mezani, presha zao tunazipima Jumanne.

Kwa maskini nina neno pia. Ziko nyumba katika parokia zetu ambazo hula mlo mmoja kwa siku mwezi Februari na Machi, Kwaresima iwepo isiwepo, kwa sababu ghala limekwisha na mahindi ya shambani bado hayajakomaa. Kuwahubiria hao wapunguze chakula ni kumwambia kipofu afumbe macho. Katika nyumba hizo nyama huonekana Noeli na Pasaka. Sadaka ya Ijumaa ya mama wa nyumba ile ni kwamba alipika kidogo alichokuwa nacho akawagawia watoto. Nadhani Mungu anajua kuhesabu.

Tuje sasa kwenye Ekaristi, kwa maana hapa ndipo wazee na wagonjwa wetu huumia mwaka mzima, siyo Kwaresima tu. Wazee wa rika langu walifundishwa na wazazi wao kutokula wala kunywa chochote tangu saa 6 usiku kabla ya Komunyo. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mwaka 1953 Papa Pio wa 12 aliruhusu maji, mwaka 1957 akapunguza muda wa kutokula kuwa saa 3, na mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 akaufanya saa 1 tu. Saa hiyo inahesabiwa kurudi nyuma kutoka wakati wa kupokea Komunyo, siyo kutoka kuanza kwa Misa. Maji na dawa haviharibu kitu. Tena kanuni ya 919 inasema kwamba wazee, wagonjwa, na pia wanaowauguza, wanaweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya saa hiyo moja. Sijui kwa nini habari hii njema haifiki vijijini. Bado nawaona akina bibi wenye presha na sukari wakitoka nyumbani usiku, tumbo tupu, wakitembea kilometa nyingi kuwahi Misa ya saa 12, na Misa yenyewe ikiwa na ubatizo, matangazo na harambee hawarudi nyumbani kabla ya saa 4. Bibi, kunywa uji wako. Umeze na dawa. Yesu atakuja kwako vile vile.

Mtu ataniuliza, basi mgonjwa akae tu, Kwaresima ipite kando yake kama basi lililojaa? Hapana, siyo hivyo. Mgonjwa ana Kwaresima yake, tena nzito. Kumeza kila siku dawa chungu ambayo umeichoka ni kitubio. Kukubali kuogeshwa na binti yako mwenyewe ni kitubio kikubwa kuliko kuacha chai. Anaweza kufunga ulimi, ambao haujui ugonjwa. Anaweza kuzima redio na simu saa moja kila jioni akasali Rozari kwa ajili ya wakatekumeni watakaobatizwa usiku wa Pasaka. Anaweza kusamehe yule jirani wa mpaka wa shamba. Na Njia ya Msalaba isimtie hofu. Taratibu za rehema za Kanisa zinasema kwamba katika ibada ya pamoja, ikiwa watu wote hawawezi kutembea kwa utaratibu kutoka kituo hadi kituo, yatosha anayeiongoza atembee, wengine wabaki mahali pao. Na aliyezuiwa kabisa kufika apata rehema ile ile kwa kusoma na kutafakari Mateso ya Bwana kwa muda, mathalani robo saa, kitandani kwake. Vituo 14 vinaenea katika chumba cha mgonjwa.

Aombe pia Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Bado tunaiogopa kama barua ya mazishi, padri akionekana na mafuta watu huanza kulia. Kanuni ya 1004 yasema mwamini aweza kuipokea pale anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na aweza kuipokea tena akizidiwa au akiugua upya. Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, ambayo Papa Yohane Paulo wa 2 aliianzisha mwaka 1992, huangukia karibu na mwanzo wa Kwaresima, au ndani yake. Parokia zinazotoa Mpako siku hiyo huwa zimewapa wagonjwa wao njia ya kuuanza mfungo pamoja na wengine.

Lakini nirudi kwenye aibu, maana ndilo shauri lililonifanya nichukue kalamu. Iko habari ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi iliyoandikwa na Tomaso wa Celano. Usiku mmoja ndugu mmoja katika jumuiya yao alilia kwamba anakufa kwa njaa, kwa kuwa alikuwa amejifungisha kupita nguvu zake. Fransisko hakumkaripia. Aliamka, akaandaa meza, na ili yule ndugu asione haya kula peke yake, akaketi akala pamoja naye, na ndugu wengine wote wakala. Huyo ni Fransisko, ambaye kwa kufunga hakuna anayeweza kumwita mlegevu.

Naona habari hiyo inafaa kuletwa mpaka jikoni kwetu. Nyumba yenye mgonjwa isiache kupika mchana wa Ijumaa. Asiambiwe, "Kama unataka kula, kuna viporo kwenye sufuria," kwa sauti inayomfanya aone afadhali njaa. Awekewe sahani yake mezani, safi, kwa saa ya dawa yake, na mtu mmoja aketi naye. Huyo mmoja akiwa amefunga, anywe maji na kuzungumza naye. Akila vijiko viwili ili mgonjwa asione haya, siku isiyo Jumatano ya Majivu wala Ijumaa Kuu, hakuna sheria aliyovunja. Na hata siku hizo mbili, kidogo cha asubuhi na jioni kimeruhusiwa. Wakwe, mashemeji na wageni mliopo, msiulize kwa nini anakula. Msimulize hata kwa macho. Wako watu katika nyumba zenu wanaomeza dawa ambazo hawajawaambia ni za nini, na swali hilo la juu juu, "Mbona wewe hufungi?" laweza kumfanya mtu azitupe chooni ili asijulikane.

Kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na akina mama wa WAWATA naomba mambo machache. Kabla ya Jumatano ya Majivu mpite nyumba zenye wagonjwa, wazee na waja wazito, mkaseme kwa niaba ya jumuiya kwamba hao hawafungi chakula, na mseme hivyo wenye nyumba wote wakisikia. Katika Njia ya Msalaba ya nje kuwe na viti vichache vinavyotangulizwa kivulini, ndoo ya maji yenye kifuniko na vikombe, na pakiti ya sukari mfukoni mwa mtu anayejua kuitumia. Njia yenyewe yaweza kuanza saa 11 jua likiwa limepungua nguvu. Ijumaa Kuu ina saa yake ya desturi, nyingine hazina. Na katekista akitangaza ratiba ya mfungo, atangaze katika pumzi ile ile wasiohusika ni akina nani. Tangazo la nusu huleta wagonjwa zahanati.

Na kile tunachopunguza sisi wazima kiende wapi? Nabii Isaya sura ya 58 anatuambia, kwa maneno makali, kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni ule unaoufikisha mkate wako kwa mwenye njaa. Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa huletewa chakula na ndugu zake, na asiye na ndugu karibu huwatazama wengine wakifungua vyombo. Jumuiya yenye nyumba 12, kila nyumba ikiweka kando kikombe kimoja cha unga na kiganja cha maharage kila Ijumaa, ina chakula cha kupeleka wodini Jumamosi. Tulijaribu hivyo. Mwanzo tulipeleka ugali wakati wagonjwa wa kitanda kile walikuwa wa uji tu. Tukajifunza kumwuliza kwanza muuguzi wa zamu.

Yule mama niliyeanza naye yu hai, na sukari yake inakwenda vizuri. Kwaresima iliyofuata mume wake ndiye aliyekuja kuniuliza mke wake ale saa ngapi, akaandika kwenye kipande cha daftari. Njia ya Msalaba alikuja na chupa ya chai ya uji na kikombe cha bati. Kwenye kituo cha 5, cha Simoni wa Kirene, aliketi kwenye kiti chini ya mwembe, akanywa, akafuta mdomo kwa kanga, na akaanzisha wimbo.